Dau la Pili

Poka inayochezwa zaidi duniani siku hizi humpa kila mchezaji karata mbili ambazo huziona peke yake. Dau la kwanza huwekwa hapo, kabla ya karata yoyote kufunuliwa, na mwenye ree na mfalme mkononi ana kila sababu ya kuliweka kubwa. Kisha hufunuliwa mezani karata tatu za wote: saba, tano, tatu. Hakuna iliyoshikana na alichonacho. Mkono uliokuwa wa kifalme dakika moja iliyopita sasa ni karata mbili tu zisizo na jamaa.

Hili si balaa la nadra. Karata mbili zisizofanana hukosa kupata pacha katika zile tatu takriban mara mbili katika kila tatu. Kukosa ndiko kawaida, kupata ndiko tukio. Kwa hiyo swali zito la mchezo huu halihusu namna ya kupata karata nzuri, bali la kufanya baada ya kuzikosa: kuweka dau la pili kana kwamba meza imekubali, au kujitoa na kuacha kilichokwisha wekwa kiende.

Wajuzi hujibu kwa hesabu. Ikiwa katikati ya meza kuna mia, na mchezaji akaongeza hamsini, inatosha mpinzani akimbie mara moja katika tatu ili asiyekuwa na kitu asipate hasara. Na mpinzani naye, kwa kawaida ileile, huenda amekosa. Zaidi ya hapo, aliyeanza kwa dau kubwa amekwisha anza kusimulia kisa. Dau la pili ni sura inayofuata, na kisa kilichoanza kwa kujiamini huaminika. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyeanzisha nadharia ya michezo, alionyesha kwamba kutishia nyau si utundu wa pembeni katika mchezo wa namna hii. Ni sehemu ya uchezaji wa busara, kwa sababu asiyetishia kamwe husomwa na kila mtu. Pamoja na hesabu hiyo huja funzo jingine, linalorudiwa kwa kila mwanafunzi wa mchezo: fedha zilizo katikati ya meza si zako tena. Usizifuate kwa kuwa zilikuwa zako. Tazama mbele, uamue.

Funzo hilo ni zuri, na limetoka mezani likaenda mbali. Kufika kwake Dubai kunastahili kuchunguzwa.

Kuna kinaya kidogo katika kuutaja mji huo. Kamari imepigwa marufuku kwa miaka mingi katika Falme za Kiarabu, kwa sheria ya nchi na kwa hukumu ya Kurani juu ya maysir. Ni mwaka 2023 tu ndipo ilipoundwa mamlaka ya shirikisho ya kutoa leseni za michezo ya namna hiyo, na kasino inajengwa Ras Al Khaimah, si Dubai. Hata hivyo, ni vigumu kupata mji mwingine uliojengwa kwa madau makubwa kiasi hicho. Na mwaka 2009 karata tatu zilifunuliwa zote mbaya. Tarehe 25 Novemba kampuni ya serikali, Dubai World, iliwaomba wadai wake wasimamishe madai kwa miezi sita. Mnara uliokusudiwa kupita kilomita moja kwenda juu ulikuwa umekwisha simamishwa mwanzoni mwa mwaka huo. Visiwa vilivyochorwa kwa umbo la ramani ya dunia vilibaki mchanga mtupu baharini. Mji ulijitoa katika mikono mingi. Katika mmoja haukujitoa: jengo refu kuliko yote duniani, mita 828, lilizinduliwa tarehe 4 Januari 2010, kwa fataki, kama vile hakuna lililotokea. Ila siku hiyo jina lilibadilika. Burj Dubai likawa Burj Khalifa, kwa heshima ya mtawala wa Abu Dhabi, emirati iliyokuwa imetoa dola bilioni 10 za uokozi wiki tatu kabla.

Wenye kupenda hadithi za ushujaa husema Dubai ilishinda kwa sababu haikukata tamaa. Hiyo si kweli kamili. Ilishinda kwa sababu nyuma ya kiti chake alikuwapo jirani mwenye mafuta. Dau la pili la mwenye jirani tajiri na dau la pili la asiye naye yanaweza kufanana kwa sura, lakini si tendo moja.

Chini ya jengo hilo hupiga picha vijana wengi wa Afrika Mashariki. Na afikiriwe mmoja, wa kubuni, lakini ambaye hakuna mtaa wa Tanga, Mombasa au Kampala usiomjua. Ameuza bodaboda yake. Mama yake amekopa kwenye kikoba, akadhaminiwa na wanawake wenzake wanne. Wakala alimwahidi kazi ya ghala. Ameingia kwa viza ya matembezi ya siku 60, na alipofika, ghala halikuwapo na simu ya wakala haikupokelewa tena. Sheria ya kazi ya huko inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Lakini fedha hizi zilitozwa nyumbani, mbali na mkono wa sheria hiyo. Sasa ni siku ya 50. Analala Deira katika kitanda cha kupanga, ndani ya chumba cha watu wanane. Viza ikiisha, kila siku ya ziada itamdai faini ya dirhamu 50. Arudi, au aombe nyumbani fedha za kuongeza muda?

Hapa mjuzi wa karata atamnong'oneza: fedha za bodaboda zimekwenda, zisahau. Sehemu ya ushauri huo ni ya kweli, na ni dawa ya methali inayowaponza wengi, ile ya maji kuvuliwa nguo na kutokuwa na budi kuyaoga. Mtu anayo budi. Anaweza kuvaa nguo zake akaondoka. Na ikiwa ana leseni ya udereva inayokubalika, au mahojiano ya kazi Jumatatu, basi kuna karata ijayo inayoweza kumfaa, na kubaki si ukaidi. Asiye na kimojawapo anangoja tu. Tena anashindana na wengi kwa wakati mmoja, na kila mcheza poka anajua kwamba kutishia nyau mbele ya mmoja huenda kukafaulu, mbele ya sita ni kujiangamiza.

Lakini funzo la fedha za katikati linamwacha njiani mahali pamoja. Fedha za mama yake haziko katikati ya meza. Ziko katika daftari la kikoba, zinasomwa kila wiki kwa sauti, na majina ya wanawake wanne yameandikwa chini yake. Mezani kilichopotea kimepotea, na kesho mchezaji huanza upya. Deni kwa watu wanaokujua halianzi upya. Kumwambia kijana huyu asitazame nyuma ni kumwambia awasahau watu, na hilo halimfanyi kuwa mwenye busara zaidi.

Kisha kuna picha. Simu za WhatsApp kwa kawaida hazipiti Dubai, ila picha na sauti zilizorekodiwa hupita, kwa hiyo chumba cha watu wanane hakionekani. Kinachoonekana ni jengo, miwani ya jua, na tabasamu. Picha hiyo ndiyo dau la pili katika maana yake halisi: kisa kilichoanzia uwanja wa ndege, kwa dua na machozi, kinaendelezwa na mtu asiye na karata.

Mwaka 1968 Albert Carr aliandika katika Harvard Business Review makala iliyozua ubishi mwingi, akidai kwamba kuficha na kutishia katika biashara si uongo, kama vile si uongo katika poka, kwa kuwa kila aliyeketi anajua kanuni. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Mwajiri anayeambiwa na mwombaji kazi kwamba ana ofa nyingine ameketi mezani. Naye anaficha kiwango cha juu awezacho kulipa. Kijana huyu akijivika shati lililopigwa pasi na kuzungumza kama mtu asiye na shida, hamdhulumu yeyote.

Mama yake, hata hivyo, hakuketi mezani. Hakuna aliyempa karata. Yeye hapokei picha kama mpinzani anayepima iwapo aamini. Anaipokea kama habari za mwanawe, na kwa habari hizo anaamua: amalize paa, akope tena, awaambie wale wanne wasiwe na wasiwasi. Ruhusa ya kutishia nyau hutoka kwa waliokubali kucheza, nayo haivuki ukingo wa meza.

Itasemwa kwamba anamkinga mama na huzuni, na kwamba aibu si jambo dogo mahali ambapo aliyerudi mikono mitupu huulizwa kwa macho kila anapopita. Ni kweli, na anayeliita jambo hilo kiburi tu hajawahi kuagwa na mtaa mzima. Ila huzuni ya mama ingekuwa ya kwake, angeijua na kuibeba, na pengine angekuwa na la kushauri. Picha imemnyang'anya hata hiyo.

Siku ya 53 inaingia sauti ya mdogo wake, na kelele za jogoo nyuma yake. “Shikamoo kaka. Picha tumeiona, mama amemwonyesha kila mtu. Sasa kaka, na mimi nimeshapata mteja wa ile cherehani ya bibi. Naomba namba ya yule wakala wako.”

Namba bado imo ndani ya simu. Kuituma kutachukua sekunde mbili, na picha itabaki kuwa ya kweli kwa miezi michache zaidi. Kutoituma kunataka sentensi ambayo hajaitamka tangu siku ya kwanza. Anaisikiliza sauti ile mara ya pili, anabonyeza pa kurekodi, na wenzake saba chumbani, wanaojua kila kitu, wanapunguza sauti zao.