Kisichopatikana na Kisichokuwapo

Miaka mingi ya utumishi wangu niliimaliza katika maktaba ya chuo kimoja huko bara, nikipanga vitabu, nikiandika kadi na kuwanyamazisha vijana waliokuja kupiga soga. Kazi hiyo haina sifa kubwa. Mkutubi akifanya vyema hakuna anayemwona. Akikosea, watu husema kitabu hakipo. Nimeanza kwa kujieleza hivi, ndugu msomaji, kwa sababu swali ninalotaka tulitafakari pamoja halikunijia kutoka vitabuni. Lilinijia mlangoni pangu, limebeba mkoba mgongoni, likaniamkia, "Shikamoo, babu."

Swali lenyewe ni hili: mtu akitafuta jambo asilipate, je, ana haki ya kusema kwamba halipo? Na kama hana haki hiyo, basi akisema hivyo kwa moyo mweupe, kosa ni la nani?

Sina budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1996 chuo chetu kilipata kompyuta mbili. Tulipewa programu ya CDS/ISIS, ambayo UNESCO ilikuwa ikiigawa kwa maktaba bila malipo, tukaambiwa tuingize humo kadi zetu zote. Zote, ilisemwa, lakini umeme ulikuwa wa kuvizia, mchapaji alikuwa mmoja, na muda tuliopewa ulikuwa miezi sita. Basi nikaamua mimi. Vitabu vilivyopigwa chapa vikatangulia, yakafuata majarida ya Kiingereza. Yakabaki makasha manne ya taarifa za mabwana shamba, zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, nyingi zikiwa za miaka ya operesheni ya vijiji, 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa na ikabidi mtu atangulie kutazama kama huko waendako kuna maji. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa akiziulizia. Niliziacha. Sikuzichoma, nataka hilo lieleweke. Niliziacha tu, na kadi zake nikazifunga kwa mpira nikazitia katika droo ya chini. Baada ya miaka kadhaa makabati ya kadi nayo yaliondolewa, kwani nani angezihitaji kadi wakati kompyuta ipo?

Moja ya taarifa hizo nilikuwa nimeisoma, tena kwa raha, kwa sababu mwandishi wake alikuwa na hati nzuri na mdomo mkali. Alieleza juu ya lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe wa kijiji kipya. Maji yalikaa msimu mmoja yakazama. Yeye akachimba mashimo ya kupimia, akakuta ule udongo wa mfinyanzi ulio juu ni tabaka jembamba, na chini yake ni mchanga mtupu. Kisha akaongeza kwamba wazee wa pale walikuwa wamelisema hilo kabla jembe la kwanza halijapigwa, ila hawakuulizwa.

Sasa tuuache mkasa huo, tuutazame mtandao wenyewe, maana historia yake ina kichekesho kidogo. Vannevar Bush, mhandisi wa Kimarekani aliyeongoza utafiti wa kisayansi wa nchi yake wakati wa vita, aliandika makala mwezi Julai 1945 akilalamika kwamba maandishi yamekuwa mengi kupita uwezo wa mtu kuyafikia. Akabuni mezani kwake mashine isiyowahi kuundwa, Memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuunganisha waraka huu na ule kwa njia ya kudumu, kama mtu anavyofyeka kijia msituni. Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo ambalo ndilo lililozaa wavuti. Na alichokuwa akikililia ni nini? Ni kwamba watu pale hukaa miaka miwili hivi wakaondoka, na wanapoondoka huondoka na wanachokijua. Naam, kitu hiki kilichoenea dunia nzima kilianza kama dawa ya ugonjwa uleule ulionipata mimi na makasha yangu.

Lakini kuhifadhi si kupata. Penye kurasa kumi, jicho linatosha. Penye mamilioni lazima awepo wa kuchagua ipi itangulie. Mama mmoja wa Cambridge, Karen Spärck Jones, alionyesha mwaka 1972 kwamba neno likiwa adimu katika mkusanyiko wa maandishi, uzito wake katika kutafuta huwa mkubwa zaidi. Wazo hilo bado lina kazi hadi leo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, walitoa njia yao: ukurasa upewe heshima kwa kadiri kurasa nyingine zinavyouelekeza, na kuelekezwa na mwenye heshima kuhesabiwe zaidi. Walichota wazo hilo kwa wanazuoni, ambao hupimana kwa kutajana. Ni njia ya busara, nami siidharau. Hata kijijini tukitaka mganga tunauliza nani anatajwa na wengi. Ila mtu ambaye hakutajwa na yeyote, kwa njia hiyo, ni kama hakuzaliwa.

Kwetu sisi wa Kiswahili kulikuwa na taabu ya ziada. Mwaka 1980 Martin Porter aliandika programu ya kukata miishio ya maneno ya Kiingereza ili mwenye kutafuta neno moja apate na ndugu zake. Kiingereza hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani: lambo, malambo, kisima, visima, alichimba, hawajachimba, palipochimbwa. Mashine inayolinganisha herufi tu huona watu baki pale ambapo sisi tunaona ukoo mmoja. Sikuwahi kulifikiria hilo nilipokuwa kazini, na sijui kwa nini, maana nilikuwa nikiliona kila siku.

Turudi mlangoni. Binti yule alikuwa akiandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya malambo ya sehemu ileile, na halmashauri ilikuwa ikisubiri mapendekezo yake kabla ya kuchimba. Alikuja kwangu kwa heshima tu, aliambiwa kwamba mzee huyu alikuwa mkutubi wa zamani. Akanifungulia kazi yake kwenye kompyuta ndogo. Katika ukurasa wa nne alikuwa ameandika kwamba hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu udongo wa eneo lile.

Nilisoma sentensi ile mara mbili. Kisha nikamsifu kwa Kiingereza chake, nikamwambia mke wangu alete chai.

Huo ndio ukweli na siutengenezi. Siku ile sikusema neno. Hakusema uongo binti yule. Alikuwa ametafuta wiki nzima kwa lugha mbili. Mashine nayo haikusema uongo. Ilijibu kwa kile ilichopewa. Basi uongo ule uliokaa ukurasa wa nne ulitoka wapi? Usiku nilijitetea kama wakili. Nilisema hakuna mkutubi anayeweza kuingiza kila kitu, na kuchagua si dhambi. Anayepepeta mpunga hana budi kuacha kitu kwenye ungo. Utetezi huo ni wa kweli, na bado haukunipa usingizi. Kufika alfajiri nilikuwa nimeliona kosa langu mahali lilipo. Sikukosea kuziacha taarifa zile. Nilikosea kutoandika popote kwamba nimeziacha. Mstari mmoja ungetosha: yapo makasha manne ya taarifa za mabwana shamba, hayamo humu, muulize mkutubi. Katalogi yangu ilijionyesha kuwa kamili, na kila aliyeitumia alidanganyika bila kuambiwa neno la uongo.

Nadhani hapa ndipo penye swali la maadili kwa wote wanaojenga vyombo vya kutafutia, wakubwa kwa wadogo. Tunawauliza kama wanachotupa ni kweli. Ni mara chache tunawauliza wamepita wapi na wapi hawakupita. Na tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipoenea programu zinazojibu kwa sentensi zilizonyooka badala ya kutoa orodha, jambo limekuwa gumu zaidi. Zamani ukikosa ulikiona kikapu kitupu, na kikapu kitupu humfanya mtu aulize jirani. Sasa kikapu hujazwa, hata kama ni kwa makapi.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni uvivu wetu wenyewe. Wanautaja utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011, wa Betsy Sparrow na wenzake, ulioonyesha kwamba watu walioambiwa kuwa walichokiandika kitahifadhiwa na kompyuta walikikumbuka kidogo kuliko wale walioambiwa kitafutwa. (Wengine walipoirudia sehemu moja ya utafiti huo, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018, hawakupata jibu lilelile; haki itendeke kwa pande zote.) Manung'uniko hayo ni ya zamani. Plato anamtaja mfalme wa Misri aliyeikataa zawadi ya maandishi kwa kuhofia kwamba itawasahaulisha watu. Mimi sijiungi naye, kwani nimekula mshahara wa maandishi maisha yangu yote. Binti yule hakuwa mvivu. Kilichomponza ni kuniamini mimi, mtu asiyemjua, aliyefunga kadi kwa mpira mwaka 1996.

Asubuhi nilimwita, nikamweleza yote. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Tulikwenda pamoja hadi stoo. Makasha mawili yalikuwapo, mchwa wameyala toka chini. Mengine mawili hakuna aliyejua yalikopelekwa. Taarifa ya lambo haikuwamo. Basi nikakaa juu ya kasha nikamsimulia kwa kichwa: tabaka jembamba, mchanga, msimu mmoja, wazee ambao hawakuulizwa. Aliandika haraka haraka. Kisha akainua kalamu.

"Chanzo nitaandika nini, babu?"

"Andika mimi, mwanangu."

Aliandika. Msimamizi wake akaikata sehemu hiyo, akisema kumbukumbu za mzee mmoja si ushahidi. Nami, kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti chake, yamkini ningekata vilevile. Ila binti hakukubali kuishia hapo. Alirudi kule kijijini ili achimbe mashimo ya kupimia yeye mwenyewe, na jioni moja akanipigia simu kutoka huko, upepo ukivuma kwenye simu. Alitaka kujua lambo la zamani lilikuwa upande gani wa mbuyu, maana wenyeji aliowakuta walihamia baadaye na hawakulijua, na fedha yake ya vibarua ilitosha mashimo matatu tu.

Nilifumba macho nikaiona hati ile nzuri, nikaona hata doa la chai pembeni mwa karatasi. Upande sikuuona. Nikamwambia sikumbuki.