Dhahabu Ni ya Nani?

Mwaka jana vijana watatu wachimba dhahabu walikuja kwangu jioni na karatasi na kalamu. Wakasema: «Mwalimu, utuandikie. Mama mmoja mjane ametuachia shamba lake tuchimbe. Tutampa vitenge viwili na mfuko wa chumvi. Yeye atatia kidole.» Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, nao wakausifu. Walipokuwa mlangoni mmoja akauliza: «Lakini, Mwalimu, dhahabu ikiwa chini ya udongo, ni ya nani hasa?» Nikacheka tu.

Najua sheria ya nchi yetu yasema kwamba mali ya chini ya ardhi ni ya Serikali. Lakini kijana hakuniuliza sheria. Tangu jioni ile namfikiri mtu mmoja ambaye nilisoma habari zake nilipokuwa seminarini: John Sutter wa California.

Sutter alizaliwa mwaka 1803. Aliishi Uswisi na kufanya biashara, lakini ilimshinda. Mwaka 1834 akawakimbia wadai wake, akamwacha mke pamoja na watoto. Mwaka 1839 akafika California, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Meksiko. Miaka miwili baadaye gavana wa huko akampa ardhi, karibu hektari 20,000. Akajenga ngome mahali palipo sasa mji wa Sacramento, akalima ngano, akafuga ng'ombe na kondoo. Watu wengi wanaposimulia habari zake huanzia hapo, kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wanisenan na Wamiwok, nao ndio waliomlimia, wengine kwa kulazimishwa. Wageni waliopita pale waliandika kwamba chakula cha vibarua hao kilimwagwa katika hori, nao wakala kwa mikono. (Kula kwa mkono si aibu, sisi pia twala hivyo. Aibu ni hori.)

Tarehe 24 Januari 1848 fundi wake, James Marshall, alikuwa Coloma akijenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa nguvu ya maji. Katika mfereji akaona punje za dhahabu. Basi, Coloma ilikuwa nje ya ile ardhi aliyopewa Sutter. Akafanya nini? Akawaita wenyeji wa bonde lile, akaandikiana nao mkataba wa kukodi ardhi yao kwa malipo ya nguo na vyombo. Kisha akaipeleka karatasi kwa Kanali Mason, gavana Mmarekani, maana Marekani ilikuwa imekwisha kuiteka California vitani. Mason akaikataa. Alijibu kwamba Serikali yake haikubali kuwa wenyeji wana haki ya kuuza wala kukodisha ardhi.

Hapo ndipo nasimama kila mara. Kwa muda wa miaka tisa Sutter hakuwaona watu hao kuwa wenye nchi. Siku ilipotokea dhahabu akawaona, kwa sababu alihitaji kidole chao kwenye karatasi.

Yaliyofuata yanajulikana. Sutter alitaka jambo liwe siri, lakini mwenye duka mmoja, Sam Brannan, alitangaza dhahabu katika njia za San Francisco, naye tayari alikuwa amejaza duka lake sepeto na karai. Huyo alitajirika. Hata kufika mwaka 1855 watu wapata 300,000 walikuwa wamekwenda California. Wengi wao walisimama mchana kutwa katika maji baridi wakitikisa karai, na jioni walichopata kikaishia dukani. Vibarua wa Sutter walimtoroka, ngano ikaharibika shambani, wageni wakachinja ng'ombe wake na kujenga katika ardhi yake. Wenyeji je? Wanahistoria hukadiria kwamba mwaka 1846 walikuwa 150,000 hivi. Mwaka 1873 walibaki 30,000 hivi. Maradhi na njaa viliua wengi, na wengine waliuawa kwa bunduki.

Sutter alizeeka akiiomba Serikali ya Marekani imlipe hasara yake. Alifariki Washington mwezi wa Juni 1880, ombi lake halijakubaliwa. Je, alikuwa na haki ya kulalamika? Mimi nasema ndiyo. Ng'ombe walikuwa wake, na aliyewachinja ni mwizi, hata kama mwenye ng'ombe naye ana deni kwa wengine. Amri ya saba haisemi «usimwibie mtu mwema». Lakini mtu huyu alihesabu hasara yake miaka na miaka, naye aliwahi kuwa na mkataba wenye alama za wenyeji mkononi mwake. Alijua vizuri nani angeweza kumdai yeye.

Sasa yule mjane. Wiki iliyopita nilikwenda kuona shamba lake. Limekuwa mashimo yaliyojaa maji, na mihogo imeng'olewa. Alinipa kiti, akaingia ndani, akaileta karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa safi. Yeye hajui kusoma. Akasema: «Mwalimu, wewe ndiwe uliyeandika. Nisomee, nijue nilikubali nini.»

Nikamsomea yote, mpaka pale kwenye chumvi.