Mwamba Ngoma na Msomaji Wake: Suala la Kumwamini Msimulizi katika Kichwamaji

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Methali hii inaeleza kwa ufupi jambo ambalo Wayne C. Booth alilipa jina mwaka 1961 alipozungumzia msimulizi asiyeaminika, yaani msimulizi ambaye kauli zake hazilingani na maadili ya kazi anayoisimulia. Makala haya yanachunguza swali la kimaadili linalozaliwa na dhana hiyo: msomaji aliyemwamini msimulizi wa namna hii ametendewa hila, au yeye mwenyewe ameshindwa kutimiza wajibu wake?

Mfano unaotajwa mara nyingi ni riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd (1926), ambamo daktari anayesimulia ndiye muuaji. Baadhi ya wasomaji walilalamika kuwa mwandishi amevunja kanuni za mchezo. Dorothy L. Sayers alikuwa miongoni mwa walioitetea, kwa hoja kwamba ni kazi ya msomaji kumshuku kila mhusika. Hata hivyo, mzozo huo ulihusu kitendawili tu. Aliyedanganyika alipoteza fahari ya kukitegua. Dhamiri yake haikuguswa.

Hali ni tofauti katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, hafichi matukio. Anaeleza jinsi Manase alivyomharibu Rukia, dada yake. Anaeleza kifo cha Rukia. Anaeleza pia azma yake ya kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada wa Manase, ambaye baadaye anamwoa. Yasiyoaminika si matukio anayoyataja bali hukumu anazozitoa juu yake. Anamlaani Manase kwa kumfanya msichana chombo, ilhali yeye mwenyewe anakusudia kumfanya msichana mwingine chombo cha kisasi. Msomaji aliyekubaliana naye katika laana hiyo hujikuta, kurasa chache baadaye, amekwisha kuikubali nia isiyotofautiana sana na kosa lililolaaniwa.

Upokezi wa riwaya hii umekuwa na mielekeo miwili mikuu. Wahakiki wa mrengo wa kijamaa walimlaumu Kezilahabi kwa kueneza ukataji tamaa, hasa kwa kuwa Kazimoto anajiua. Wengine walimhurumia Kazimoto kama mwathiriwa wa elimu ya kigeni iliyomtenga na jamii yake. Mielekeo hii inaonekana kupingana, lakini msingi wake ni mmoja. Wa kwanza unalichukua neno la Kazimoto kuwa neno la mwandishi. Wa pili unalichukua kuwa ukweli kamili juu ya Kazimoto. Pande zote mbili zimeacha kumuuliza Sabina. Mwanamke huyu anabeba mimba, anajifungua mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida kutokana na maradhi aliyoletewa na mumewe, kisha anaachwa mjane. Yote hayo msomaji anayapata kwa kinywa cha mtu aliyewahi kumkusudia mabaya.

Uzito wa suala hili unadhihirika zaidi riwaya inaposomwa Nyanchwa, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria. Hapa, penye misheni ya Waadventista iliyoanzishwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ushuhuda wa mtu mmoja mbele ya waumini una heshima kubwa: anayesema "nilitenda dhambi" husadikiwa. Lakini nje ya kanisa pana ushuhuda wa aina nyingine. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliteketezwa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma za namna hiyo hiyo. Neno omorogi, yaani mchawi, likishatamkwa na mtu mwenye uchungu, aghalabu uchungu wenyewe huchukuliwa kuwa ithibati. Aliyefiwa husimulia, anayetajwa hapewi nafasi ya kusimulia. Haidaiwi hapa kwamba riwaya ingezuia mauaji. Linalodaiwa ni kwamba tabia ya kusikiliza ni moja, iwe mbele ya kitabu au mbele ya umati.

Hapana budi kukabili pingamizi moja zito. Je, msomaji aliyefunzwa kushuku hatageuka kuwa hakimu asiyemwamini hata aliyedhulumiwa? Wanawake wengi wamenyimwa haki kwa sababu ushuhuda wao ulishukiwa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu iwapo shaka ingegawiwa wote kwa kipimo kimoja. Kichwamaji inaelekeza vingine. Uchungu wa Kazimoto kwa ajili ya Rukia ni wa kweli, na msomaji hana sababu ya kuukana. Kinachostahili kushukiwa ni hatua inayofuata, pale uchungu unapogeuzwa kuwa idhini ya kumtenda mtu wa tatu. Shaka, basi, ifuate mamlaka: kadiri msimulizi anavyoshika peke yake neno na hukumu, ndivyo msomaji anavyowajibika kuwatafuta walionyimwa neno.

Kwa hiyo, aliyemwamini Kazimoto hakutendewa hila, kwani ushahidi wote aliwekewa wazi. Aidha, hakukosea kumhurumia. Kosa lake lilianza pale alipodhani kwamba kumhurumia mtu ni kumwachia hukumu. Mwalimu wa fasihi anayeifundisha riwaya hii hana haja ya kuwauliza wanafunzi kama wanampenda Kazimoto au wanamchukia. Awaombe waisimulie upya sura moja kwa sauti ya Sabina, kisha wapime ni hukumu ngapi za Kazimoto zitakazosalia.