Je, ni Aibu Mtu Mzima Kuhudumiwa?



Liko swali moja ambalo watu wazima hawaliulizi kwa sauti, walakini twaliona machoni pao kila tuendapo kuwatazama wagonjwa. Mtu aliyezoea kulima shamba lake na kufundisha watoto wa wenzake, siku moja ajikuta amelala kitandani. Mwingine amletea maji ya kunawa, amvika viatu, amshika mkono kwenda chooni. Ndipo ajiuliza moyoni: Je, mimi ni mtu kamili bado? Swali hili si dogo. Wako wanaolijibu vibaya wakajidhuru mwili, na wako wanaolijibu vibaya wakaidhuru nyumba yao. Basi yafaa tulitazame pamoja kwa utaratibu.

Tutatwaa mfano wa ugonjwa mmoja uletao swali hili kwa ukali kuliko magonjwa mengi, yaani kufa kwa mfupa wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Mishipa ya damu inayokilisha ni michache na myembamba, nayo hupita kandokando ya shingo ya mfupa. Ikikatika au ikizibwa, hakuna njia nyingine ya kutosha ya kupeleka damu. Basi mfupa ule hufa, ingawa mwenyewe yu hai na ngozi yake ni nzima, wala mtazamaji haoni kitu. Hapo kwanza huenda usiume, au huuma kidogo kinenani. Lakini baada ya miezi au miaka, ule mviringo hubonyea kama yai lililogongwa, na kila hatua huwa maumivu.

Sababu zake ni nyingi. Mmoja ameanguka mtini au ameangushwa na pikipiki, shingo ya mfupa ikavunjika au nyonga ikateguka. Mwingine ametumia dawa za jamii ya steroidi kwa vipimo vikubwa siku nyingi, kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Mwingine amekunywa pombe nyingi kwa miaka mingi. Mwingine amezaliwa na selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupindika kama mundu na kuziba vijia vyembamba. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia ambazo watoto wengi huzaliwa nao. Tena wako ambao madaktari wametafuta sababu wasiione. Na ugonjwa huu haungoji uzee: mara nyingi huwashika watu wa miaka 30 hadi 50, na wenye selimundu huwashika hata wakiwa vijana. Yaani huwashika wale ambao nyumba yote hula kwa mikono yao. Kwa hiyo swali letu huwa kali.

Ukigunduliwa mapema, kabla kichwa hakijabonyea, daktari aweza kutoboa tundu toka ubavuni mwa mfupa mpaka mahali palipokufa, ili kupunguza mgandamizo wa ndani na kuifungulia njia mishipa mipya. Baada ya hapo mgonjwa hutembea kwa magongo, asiutwike mguu ule uzito wake, mara nyingi kwa majuma 6 hivi. Lakini kichwa kikiisha kubonyea, mara nyingi hukatwa kikaondolewa, na mahali pake huwekwa nyonga ya kutengenezwa: shina la madini ndani ya mfupa wa paja, mpira wa madini au wa kauri, na kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Kazi hii ilipata msingi wake wa siku hizi mwaka 1962, John Charnley alipoifanya katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Leo hufanyika hata katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki.

Aliyewekewa nyonga mpya husimamishwa siku ile ile au kesho yake, naye hufundishwa kutembea kwa magongo. Walakini madaktari wengi humpa makatazo kwa majuma kadhaa: asiikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asiugeuzie mguu ndani, maana nyonga yaweza kuteguka. Penye viti virefu na vyoo vya kukalia, makatazo haya si mazito sana. Kwetu sisi yagusa maisha yote ya nyumbani: kigoda cha jikoni, mkeka wa barazani, choo cha kuchuchumaa, jembe la mkono, ndoo iliyo chini, hata kuinama kumwamkia mzee. Mambo ambayo mtoto wa miaka minne ayafanya bila kufikiri, mtu mzima akatazwa kuyafanya. Lazima ahudumiwe, hana njia nyingine.

Sasa wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili ni jema, maana latufundisha kwamba mtu asikae bure akila jasho la wenzake. Lakini mgonjwa hulitwaa akajihukumu nalo. Ahesabu siku zake kitandani, aona siku ya tatu imepita, na ya thelathini imepita, na jembe lake li pembeni. Basi ajiona mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hapo ndipo makosa mawili huzaliwa.

Kosa la kwanza ni la mwenye haya. Tuseme yuko baba wa nyumba aliyewekewa nyonga mpya, na mkewe amekwenda msibani. Aliyebaki nyumbani ni mke wa mwanawe. Usiku ashikwa na haja. Kumwita mkwe amwinue kitandani, kwake ni aibu isiyosemeka. Desturi yetu ya kustahiana na wakwe yajulikana. Basi ajikaza, aacha magongo ili yasipige kelele, aenda peke yake gizani, achuchumaa kama zamani, na nyonga yateguka. Kesho yake abebwa na watu wanne, na huyo mkwe aona yote ambayo mzee hakutaka ayaone. Siku zake za kuhudumiwa hazikupungua, bali zimeongezeka. Mtu huyu si mbaya. Alitaka kulinda heshima yake. Lakini alidhani heshima ni kutomhitaji mtu, na kwa kuilinda hivyo akaipoteza.

Kosa la pili ni la yule akifanyaye kitanda kuwa kiti cha enzi. Daktari amwambia atembee kila siku hatua chache, azungushe vifundo vya miguu ili damu isigande, akaze misuli ya paja. Yeye asema, Niacheni, mimi ni mgonjwa. Aita watoto kwa kila jambo, hata kwa kikombe kilicho karibu na mkono wake. Mguu wadhoofika, misuli yanywea, na watu wa nyumbani wachoka hata huruma yao yakauka. Naye pia alikosa, walakini kwa upande wa pili.

Makosa haya yaonekana kuwa mbali, kama mashariki na magharibi. Lakini tukiyachimba twaona shina lake ni moja. Wote wawili wadhani ya kuwa anayehudumiwa hana kazi. Wa kwanza aona haya kwa kutokuwa na kazi, wa pili afurahi kwa kutokuwa na kazi. Nasi twasema wote wamekosea, kwa kuwa mgonjwa anayo kazi, tena kazi ngumu.

Kazi yake ni nini? Kwanza, kungoja. Yule aliyetobolewa mfupa, akijizuia kuukanyagia mguu majuma 6, hakukaa bure: aupa mfupa nafasi ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuupa. Mkulima akiisha kupanda hafukui mbegu kila asubuhi atazame kama imeota. Wala hatumwiti mvivu. Pili, kufanya mazoezi yote aliyoagizwa, hata yakiuma, wala asizidishe. Tatu, kusema kweli: kumwambia daktari mahali panapouma, na kama kidonda chatoa maji, na kama ndama ya mguu yavimba. Mwenye kuficha ili aonekane hodari awanyima madaktari chombo chao cha kazi. Nne, kushukuru. Shukrani yaweza kudhaniwa kuwa neno la adabu tu; walakini kwa aliyelala ndiyo malipo aliyo nayo mkononi, na nyumba yaweza kuishi kwayo siku nyingi.

Labda mtu atasema: Hayo ni mema, lakini kupewa bila kulipa humshusha mtu. Twajibu: tukumbuke Petro, jinsi alivyokataa kuoshwa miguu na Bwana wake. Aliona ni unyenyekevu kukataa, kumbe ndani yake mlikuwa na kiburi ambacho hakukijua. Kupokea ni kugumu kuliko kutoa, maana mtoaji hubaki juu, lakini mpokeaji hana budi kukiri ya kuwa hatoshi peke yake. Tena ni nani aliyepata kujitosha? Sote tuliogeshwa na mikono ya wengine tulipozaliwa, na sote tutaogeshwa na mikono ya wengine tutakapokufa. Muda ulio katikati, tunapojiogesha wenyewe, ni mfupi kuliko tudhanivyo.

Liko na swali la pili linalofuata hili: Kupona ni nini? Wengi husema kupona ni kurudi kuwa kama zamani. Hapa tutatoa mfano wa mtu anayejulikana, Bo Jackson wa Marekani. Huyu alikuwa mchezaji mashuhuri wa michezo miwili, besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani, mwenye mbio na nguvu za kustaajabisha. Mwezi wa Januari mwaka 1991 aliumizwa nyonga uwanjani, na baadaye kichwa cha mfupa kikafa kwa kukosa damu. Mwaka 1992 akawekewa nyonga ya kutengenezwa. Watu wakasema mambo yake yamekwisha. Lakini mwaka 1993 alirudi katika besiboli, na mara ya kwanza alipoingia kupiga katika mashindano ya mwaka ule aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Watu wengi husimulia habari hii na kuishia hapo. Sisi twataka kuendelea kidogo. Mbio zake za zamani hazikurudi, wala hakurudi tena katika ule mchezo wa mpira wa miguu. Na mwaka 1994 aliacha besiboli pia, akaishi maisha mengine.

Basi, je, alipona au hakupona? Twasema alipona, wala si kwa sababu ya ule mpira uliovuka uzio. Kama asingaliupiga, angalikuwa mtu yule yule. Tukiipima thamani ya mtu kwa yale awezayo kufanya tena, tumewahukumu wote wasioweza kurudi: fundi asiyeweza tena kupanda ngazi, mama asiyeweza tena kubeba ndoo kichwani. Kupona ni kuyatwaa maisha yaliyopo na kuyafanyia kazi kwa uaminifu, kila mtu kwa mguu alio nao. Nyonga mpya huweza kudumu miaka 15, 20 na zaidi, lakini yahitaji kutunzwa: mwenyewe asiruke, asibebe mizigo mizito. Anayejua mpaka wake akakaa ndani yake kwa furaha amepona kuliko mwenye mguu mzima anayelalamika mchana kutwa.

Tena twawaonya wale wanaonong'ona. Mtu akianza kuchechemea bila jeraha, wako wasemao, Amerogwa. Na wengine, Ni pombe yake. Tumekwisha kuona ya kuwa sababu ni nyingi, wala mnong'onaji hazijui. Hata kama ni pombe kweli, mtu huyo yafaa aiache, nasi yafaa tumsaidie kuiacha. Lakini mfupa wake wauma sawasawa na wa mwingine, na maji ya kuoga yamfaa sawasawa. Hatuulizi kwanza ni nani aliyekosa ndipo tuinue aliyeanguka.

Mwisho twasema na nyumba na sharika, maana mgonjwa hawezi kupokea vema kama watoaji hawatoi vema. Kabla hajarudi kutoka hospitali, inueni kitanda kwa matofali, tengenezeni kiti kirefu chenye mikono, na kiti cha kuweka juu ya choo, kisha ondoeni mikeka na kamba njiani. Katika mambo ya kuoga na kuvaa, apangiwe mtu asiyemwonea haya, kama ndugu yake au rika lake. Jambo hili dogo laweza kuokoa nyonga. Palizi ya shamba lake igawanywe kwa zamu, na nauli ya kurudi kwa daktari itafutwe mapema. Mkewe au mumewe naye apumzishwe, kwani anayehudumu peke yake miezi mitatu huwa mgonjwa wa pili. Kanisani asihimizwe kupiga magoti mezani pa Bwana. Apokee akiwa amesimama au ameketi, wala mtu asimwangalie kwa mshangao. Nanyi walimu wa injili, mkienda kumtazama, msimwulize tu, Utarudi lini kazini? Ombeni shauri lake katika mambo ya nyumba na ya usharika, maana akili yake haikukatwa pamoja na mfupa.

Basi tukiulizwa, Je, ni aibu mtu mzima kuhudumiwa? twajibu: Si aibu. Aibu ni kuikataa huduma kwa kiburi hata kuwaongezea wenzako mzigo, au kuipenda huduma hata kuacha sehemu yako. Mwenye kulala na ailale kazi yake kwa uaminifu, na mwenye kusimama na amtumikie mwenzake bila kumhesabia siku, akijua ya kuwa zamu yake nayo yaja.