Anayeshinda Kila Mara, Je, Amependwa Zaidi?

Vijana ninaowafundisha dini hapa Kasulu huniuliza: timu ikishinda mechi baada ya mechi, si ina maana Mungu yuko upande wao? Kule Kibondo nimesikia hayo hayo yakisemwa juu ya mkulima ambaye maharage yake hustawi kila msimu. Mimi nakataa, na huwajibu kwa habari za theluji, ambayo huku kwetu, pamoja na baridi ya Juni, hatujaiona.

Bjørn Dæhlie wa Norwei alikuwa bingwa wa ski za masafa marefu. Katika Olimpiki alipata dhahabu 3 mwaka 1992, 2 mwaka 1994, na 3 huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Siku ya kilomita 10 Nagano alitumia dakika 27 na ushee. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret aliyejifunzia ski Ufini, alitumia dakika 47. Alikuwa wa 92, wa mwisho. Dæhlie alikuwa bado pale mstarini, anamngoja. Akamkumbatia.

Dhahabu zile 8 zina maelezo: alikulia penye theluji, akajituma kuliko wengine. Sihitaji muujiza kuzieleza. Lakini kule kungoja hakuna aliyemdai. Nikitafuta neema, naitafuta hapo. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Wahubiri wenzangu, nawasihi: acheni kuwaambia waliofanikiwa kwamba wamependwa zaidi. Aliyeshindwa naye yupo ibadani, anasikia.