Hata Kama Ulisamehewa

Fomu ya viza ya Marekani iitwayo DS-160, ambayo hujazwa na Watanzania na Wakenya wanaoomba kwenda huko kwa matembezi, masomo au biashara, ina swali lenye uzito kuliko mengine yote. Inamuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Kisha inaongeza kwamba ajibu ndiyo hata kama alikwisha kupewa msamaha. Serikali inajua kuwa msamaha upo, inautaja kwa jina lake, halafu inamtaka mtu auweke kando kabla ya kujibu.

Aliyelelewa madrasa au kanisani, akafundishwa kwamba toba ya kweli hufuta dhambi, hawezi kulipita swali hilo kirahisi. Je, aliyetenda kosa, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake na kujirekebisha, bado anadaiwa nini? Na kama kuna deni, kwa nini adaiwe na nchi ambayo hakuikosea?

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo wengi wameisikia kwenye darsa za misikitini, inamhusu mtu wa namna hii hasa. Aliua watu 99. Akaenda kwa mcha Mungu mmoja kuuliza kama ana toba. Alipoambiwa hana, akamuua naye, wakatimia 100. Akaelekezwa kwa mwanachuoni. Huyu hakumfungia mlango, bali alimpa sharti la kushangaza: ahame. Aiache nchi yake, kwa kuwa ni nchi ya uovu, aende kwenye nchi fulani wanakoishi watu wanaomwabudu Mungu, aungane nao. Yule mtu akashika njia, mauti yakamkuta katikati ya safari. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, ikaamriwa ipimwe masafa baina ya nchi mbili hizo. Akakutwa yuko karibu zaidi na ile ya watu wema kwa kiasi cha shibiri moja.

Inafaa kuitazama hadithi hii kwa macho ya uhamiaji, maana ndivyo ilivyo: ni habari ya muuaji anayehamia ugenini. Na kuhama kwenyewe hakukuwa zawadi ya kupewa baada ya kusafika. Kulikuwa ndiyo njia ya kusafikia. Mwanachuoni yule alielewa jambo ambalo maofisa magereza wengi wanalijua leo, kwamba mfungwa anayerudishwa kwenye mtaa uleule na marafiki walewale huwa na kazi ngumu ya kuwa mtu mwingine. Mipaka ya sasa inamwamuru kinyume chake. Inamwambia abaki kwao, mahali anapojulikana kwa ubaya wake, na athibitishe akiwa hukohuko kwamba amebadilika.

Biblia nayo haikuliacha suala hili. Kitabu cha Hesabu na kile cha Yoshua vinaeleza juu ya miji 6 ya makimbilio, Hebroni na Shekemu ikiwa miongoni mwake. Aliyemuua mtu pasipo kukusudia alikimbilia huko ili mlipiza kisasi asimfikie. Utaratibu wake unapendeza kwa jinsi ulivyokuwa wa kiutu. Mkimbizi alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari yake kwa kinywa chake, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Muda wake ulikuwa na mwisho: kuhani mkuu alipofariki, yule mtu aliruhusiwa kurudi kwao. Lakini aliyeua kwa makusudi hakupata hifadhi hiyo. Wazee wa langoni hawakuwa watu wa kudanganywa kwa machozi, walisikiliza, wakapambanua.

Kuna pia Musa. Biblia na Kurani zote zinasimulia kwamba alimuua Mmisri, akakimbilia Midiani. Katika Surat al-Qasas, Musa anamsimulia mzee wa Midiani mkasa wake wote, bila kuficha. Mzee anamwambia asiogope. Binti mmoja wa mzee anashauri aajiriwe, kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu, na alikuwa ameyaona hayo mwenyewe kisimani. Musa akapewa mkataba wa miaka 8, na 10 kama angependa kuikamilisha. Alisema kweli, na kweli ikamfungulia mlango.

Leo kweli humfungia mlango mtu huyohuyo. Anayekiri kwenye fomu kwamba aliwahi kupatikana na hatia ya dawa za kulevya anaweza kuzuiwa maisha yake yote asiingie Marekani, isipokuwa apate kibali maalumu, ilhali katika jimbo la Colorado maduka yamekuwa yakiuza bangi kihalali tangu mwaka 2014. Anayeficha na kugunduliwa naye hufungiwa milele, safari hii kwa kosa la udanganyifu. Mfumo unaomtendea mkweli na mwongo sawasawa unawafundisha watu kudanganya, na hilo ni kosa la kimaadili la mfumo wenyewe.

Kuna swali jingine zito: hatia ni ya sheria ya nani? Nelson Mandela alikaa kifungoni miaka 27 kwa hukumu za utawala wa makaburu. Alitoka mwaka 1990, akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1993, akawa rais mwaka 1994. Hata hivyo viongozi wa ANC waliendelea kuhitaji kibali maalumu kuingia Marekani, kwa kuwa chama chao kilihesabiwa kama kundi la kigaidi, mpaka Rais George W. Bush aliposaini sheria ya kuwaondolea kizuizi hicho mwezi Julai 2008. Mandela alikuwa anakaribia kutimiza miaka 90. Kenya nayo inamkumbuka Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka 1953, na mwaka 1962 akaketi Lancaster House, London, kujadili katiba na watu wa serikali ileile iliyomfunga.

Lakini si kila aliyefungwa ni Mandela, na hapa watetezi wa huruma hawana budi kuwa wakweli. Bondia Mike Tyson alihukumiwa mwaka 1992 kwa kosa la ubakaji, akatumikia miaka 3, na akasilimu. Mwaka 2000 Uingereza ilimruhusu kuingia kupigana. Mwaka 2013, baada ya sheria za huko kukazwa, alikataliwa, ikambidi kitabu chake akitangazie Paris. Kosa lilikuwa lilelile na mtu alikuwa yuleyule, ila sasa alikuwa mzee zaidi na mtulivu zaidi. Kanuni ndiyo iliyobadilika. Mwanamke aliyedhulumiwa ana haki ya kuuliza kama kuna yeyote aliyemshauri yeye kabla ya kuzungumza habari za msamaha. Wanachuoni wa Kiislamu wanasema toba ya dhambi inayogusa haki ya mwanadamu haitimii kwa majuto pekee. Haki hurudishwa kwa mwenyewe, au yeye aridhie. Ofisa wa viza hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyeumizwa. Kwa sababu hiyohiyo, hawezi pia kuongeza adhabu kwa niaba yake.

Kazi yake ni nyingine: kuwalinda watu wa nchi yake. Kazi hiyo ni ya haki, lakini humtaka amtazame mtu alivyo leo.

Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995, kwa upungufu wake wote, ina chembe ya busara hiyo. Kifungo cha ugenini hakimfanyi mtu moja kwa moja awe mhamiaji aliyepigwa marufuku. Mkuu wa uhamiaji huangalia mazingira ya hukumu ile, na aliyepata msamaha kamili ameondolewa katika hesabu. Kanada imekwenda mbele zaidi kwa kuweka muda. Miaka 5 ikipita tangu adhabu iishe, mtu anaweza kuomba atambuliwe kuwa amerekebika; na kwa kosa moja lisilo zito, miaka 10 ikipita, muda wenyewe unatosha. Inasikitisha kwamba tangu Desemba 2018 Kanada imelipandisha daraja kosa la kuendesha gari ukiwa umelewa, hata anayelitenda sasa hafutiwi tena kwa kupita muda tu.

Australia, ambako Uingereza ilipeleka wafungwa wapatao 162,000 kati ya mwaka 1788 na 1868, imeelekea upande mwingine kabisa. Tangu Desemba 2014, mgeni aliyeko gerezani ambaye amewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hufutiwa viza kwa lazima. Miongoni mwa waliorudishwa New Zealand wamo walioletwa Australia wakiwa watoto wachanga, wasio na ndugu wala lafudhi ya huko wanakopelekwa. Mwaka 2020 Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand, alisimama Sydney kando ya mwenzake Scott Morrison akalilaumu jambo hilo hadharani.

Afrika Mashariki bado ina nafasi ya kuchagua. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawapa raia wa nchi wanachama uhuru wa kutembea na kufanya kazi, na inaziachia serikali haki ya kuwazuia watu kwa sababu za usalama, afya na maslahi ya umma. Kosa la zamani linahesabiwaje ndani ya maneno hayo? Mchimba mchanga wa Kigoma aliyewahi kufungwa kwa wizi akiwa na miaka 19, sasa ana 40 na anatafuta kazi Bujumbura au Kampala, anastahili kujua kwamba baada ya miaka kadhaa ya kutajwa wazi kosa lake halitaulizwa tena, na kwamba kabla ya muda huo kuisha, akikataliwa, kutakuwa na watu wa kumsikiliza akijieleza kwa kinywa chake, pamoja na wanaomfahamu. Hilo linaweza kuandikwa katika kanuni ya ukurasa mmoja.