Nundu ya Ngamia na Zaka Yetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika Suratul-Ghashiya Mwenyezi Mungu ametuhimiza tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Sura hii twaisikia mara nyingi katika sala ya Ijumaa. Lakini ni wangapi kwetu waliotazama?

Wengi hudhani nunduni mwa ngamia mna maji. Sivyo, ni shahamu. Malisho yakistawi huko Garissa na Wajir, ngamia hula akaiweka. Ukame ukija, shahamu ile huvunjwa ikawa asidi za mafuta, nazo huingia katika damu kwa kiasi, zikachukuliwa na protini iitwayo albumini hata zikafika moyoni, inini na misulini. Nundu hupungua, mnyama akaishi. Hikima iyo hiyo imo katika dubu wa nchi za baridi: hulala miezi 5 na zaidi bila ya kula, na wakati huo asidi hizo huzidi katika damu yake, kwani ndizo kuni za mwili wake.

Basi akiba isiyofunguliwa haiokoi kiungo. Lau shahamu ingebaki nunduni, moyo ungesimama na hali mali ipo.

Nasi Mtume (S.A.W.) ametufananisha na mwili mmoja, na damu ya mwili huo ni zaka na sadaka. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mvua za misimu 5 zilikosekana mfululizo kaskazini-mashariki, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mfugaji aliyekuwa akitoa kondoo 1 kwa ngamia 5 akawa yeye ndiye mwenye kustahiki kupewa. Na wengi wetu wa pwani tuligawa shilingi mlangoni mwezi wa Ramadhani tukaziita zaka, bila ya kuhesabu mali wala kutoa fungu 1 katika 40.

Atasema msemaji: madhehebu yetu ya Shafii hayaruhusu zaka kuhamishwa mji. Naam, hiyo ndiyo kauli mashuhuri, ijapokuwa Mahanafi wameruhusu ipelekwe kwa wenye haja zaidi. Lakini sadaka haina mpaka wa mji.

Basi na tuhesabu mali zetu kwa daftari, tuchague waaminifu katika kila mtaa, na tuweke tangu sasa fungu la sadaka kwa ndugu zetu wale. Shahamu haiwekwi siku ya njaa.

Wabillahi taufiki.